Ndoo Niliyoiosha

Nyumbani kwetu ni Njiro, upande wa kusini wa mji wa Arusha. Kutoka hapo hadi Tanga penye bahari ni mwendo wa zaidi ya kilomita 400 kwa barabara, na katikati kuna Moshi, Same, Mombo, Korogwe, na mashamba ya mkonge ambayo abiria huyaona kama hayana mwisho. Naeleza haya mapema ili msomaji asije akadhani kwamba samaki nitakaowasimulia ni perege wa bwawani. La, walikuwa samaki wa bahari hasa, nao walikaa sebuleni kwetu, karibu na dirisha linaloutazama mlima Meru.

Mambo yenyewe yalianza mwaka juzi, mwezi wa Novemba, nilipokwisha fanya mtihani wa Kidato cha Pili. Baba yangu ni fundi umeme. Mtu mmoja aliyekuwa akihama nchi alikuwa na deni la Baba, na fedha zilipompungukia alimpa tangi la kioo kumalizia deni hilo. Urefu wake ulikuwa sentimeta 100, upana 40 na kimo 45. Ukizidisha utapata lita 180. Mama alipoliona alisema kwamba deni la fedha hulipwa kwa fedha, na kwamba sanduku la vioo halipikwi. Likawekwa barazani, na haukupita muda kuku mmoja akaanza kutagia humo.

Aliyelitoa kwa kuku ni Bibi. Bibi mzaa mama ni mwenyeji wa Tanga, na tangu miguu ilipoanza kumsumbua anakaa kwetu. Hulalamika juu ya mambo matatu: baridi ya mwezi wa saba, chai isiyotiwa viungo, na kutokuwako bahari. Jioni moja alilitazama tangi lile akasema, "Laiti lingetiwa maji ya Raskazone, ningepata cha kutazama." Alisema kwa mzaha tu. Lakini mimi nalikuwa na likizo ya wiki nyingi na kazi sina, ila kumsaidia Baba kuvuta nyaya, basi nikaushika mzaha ule kama amri.

Nilikwenda Maktaba ya Mkoa, na usiku nikasoma katika simu ya Baba. Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba maji ya bahari si maji ya bomba yaliyotiwa chumvi ya jikoni. Kilo moja ya maji hayo ina gramu 35 hivi za chumvi za namna nyingi, zikiwamo za kalisi na magnesi. Ukikoroga chumvi ya dukani katika maji ya bomba hupati bahari, wapata mchuzi. Iko chumvi maalumu ya kutengenezea maji hayo, lakini bei yake nilipoiona niliifunga simu. Ikawa hapana budi maji yenyewe yasafiri.

Mjomba wangu ni utingo wa lori la saruji linalokuja Arusha. Aliyachota maji karibu na Raskazone wakati bahari imejaa, akatia katika madumu kumi ya lita 20, akayapanga juu ya mifuko ya saruji. Njiani askari mmoja aliyaona madumu yale akafikiri ni gongo. Akafungua moja, akanusa, asiridhike, akaonja. Akatema.

"Haya ni maji ya bahari!"

"Ndivyo nilivyokwambia, afande."

"Wayapeleka wapi?"

"Arusha."

"Kufanya nini?"

"Mama yangu anataka kuyatazama."

Mjomba husema kwamba afande yule alimwangalia kwa huruma kubwa, kisha akaamuru lori lipite.

Pamoja na maji, Mjomba alileta gunia la mawe ya matumbawe. Hapa yafaa nieleze, maana najua wako watakaouliza. Matumbawe yaliyo hai ni wanyama, na sheria yetu inakataza kuyang'oa. Tena miamba yetu imekwisha pata taabu ya kutosha: mwaka 1998 joto la Bahari ya Hindi lilipanda, likaua matumbawe mengi katika pwani ya Afrika Mashariki, na baruti za wavuvi zimevunja mengine. Mawe yetu yalikufa zamani sana. Yalitoka katika ukuta wa jiko la Bibi, ambao ulianguka kwa mvua, na kama wasomaji wa pwani wajuavyo, nyumba za kale za huko zilijengwa kwa mawe hayo na chokaa. Baba aliibandua chokaa kwa tindo, nami nikayaloweka mawe katika pipa la maji ya mvua, nikabadilisha maji mara tatu. Ukilivunja jiwe la matumbawe utaona lina vitundu na vijia visivyohesabika. Vitundu hivyo ndivyo nilivyovitaka, na sababu yake nitaieleza.

Samaki hula, na alaye hutoa uchafu. Baharini uchafu huo hupotea, lakini ndani ya lita 160 za maji hauna pa kwenda. Hugeuka kuwa amonia, ambayo ni sumu, na katika maji ya bahari ukali wake huzidi kuliko katika maji ya mto yaliyo na asidi kidogo. Wako bakteria ambao kazi yao ni kuigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa, nayo huondolewa kwa kubadilisha maji kidogo kidogo. Bakteria hawa wanafanya kazi ileile katika shamba la mahindi. Mtaalamu wa Kirusi, Sergei Winogradsky, ndiye aliyewatenga akiwa Zürich mwaka 1890. Basi kichujio cha tangi la samaki, ukiacha kitambaa cha kunasa takataka, kwa kweli ni nyumba ya bakteria. Mtu mmoja wa Jakarta, Lee Chin Eng, aliandika mwaka 1961 jinsi alivyofuga samaki wa baharini kwa mawe yaliyotoka mwambani na mapovu ya hewa, pasipo mtambo mkubwa. Habari yake ilinipa moyo, kwa kuwa mtambo mkubwa nisingeupata.

Kichujio chetu cha kwanza kilikuwa aibu. Niliweka ndoo chini ya meza, nikateremsha maji kwa mpira kutoka tangini hadi ndooni, na pampu ndogo ikayarudisha juu. Mchana kutwa kilifanya kazi vizuri nami nikajisifu sana. Usiku umeme ukakatika. Pampu ikanyamaza, lakini mpira haukuhitaji umeme; uliendelea kuteremsha maji, ndoo ikajaa, ikafurika. Alfajiri Mama aliamka kuswali akaikanyaga Bahari ya Hindi kwa miguu mitupu. Sitaandika alivyosema. Zulia lilianikwa siku nne na mpaka leo lina doa jeupe.

Baba hakucheka wala hakugomba. Aliketi mbele ya tangi, akachora kwa kalamu yake ya fundi juu ya kipande cha boksi, akasema, "Kifaa chochote ukitengenezapo, kwanza jiulize kitafanya nini umeme ukikatika." Akaipandisha ndoo juu ya tangi, akaitoboa chini. Pampu ikakaa ndani ya tangi na kuyasukuma maji hadi ndooni. Humo yakapita katika kitambaa, kisha katika sponji nene, kisha katika vipande vya matumbawe ukubwa wa kokwa ya embe, yakarudi tangini yenyewe kwa uzito wake. Umeme ukikatika, ndoo hujimwaga ndani ya tangi na basi. Katika tangi lenyewe tuliyapanga mawe makubwa kama mwamba, yenye mapango. Baba aliongeza pampu ya hewa inayotumia betri ya pikipiki, kwa sababu Njiro iko juu sana kuliko usawa wa bahari na hewa yetu ni nyepesi, hata maji hupokea oksijeni pungufu. Samaki wa Tanga akiwa Arusha ni kama mkimbiaji wa pwani aliyepandishwa Meru. Akaongeza na hita yenye kujizima yenyewe, maana usiku wa mwezi wa saba kwetu si wa mchezo, na samaki hao wataka nyuzi 26.

Kitu kilichonishangaza kuliko vyote ni bomba la povu. Msomaji aliyewahi kufika pwani siku ya upepo ameona povu jeupe lililorundikana mchangani. Povu lile hubeba mafuta na mabaki ya viumbe. Tulilifanya bahari ndogo kwa bomba la plastiki lililosimamishwa: chini yake jiwe la kutoa mapovu madogo sana, juu yake kikombe. Povu lilipanda, likamwagika kikombeni, na baada ya siku chache kikombe kilikuwa na maji meusi kama chai ya rangi, yanayonuka vibaya. Katika maji baridi ya mtoni chombo hiki hakifai kitu, kwa kuwa mapovu huwa makubwa na hupasuka upesi. Chumvi ndiyo inayoyafanya yawe madogo na ya kudumu.

Jambo la maji ya kujazia nalo lilitusumbua. Tangi lilikauka kiasi cha lita moja na nusu kwa siku, lakini chumvi haikauki, hubaki. Kwa hiyo pengo hujazwa kwa maji matamu, si kwa maji ya bahari; ukijaza ya bahari kila siku, mwishowe utakuwa na Ziwa Natron. Maji matamu gani basi? Ya bomba yana klorini. Tena sisi wa miguuni pa Meru twajua habari ya maji yetu: chemchemi nyingi hutoka katika mawe ya volkeno zikiwa na floraidi kupita kile kipimo cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Mimi mwenyewe nilizaliwa kijijini upande wa pili wa mlima kabla hatujahamia Njiro, na meno yangu ni ya kahawia. Katika picha ya darasa ndimi ninayecheka kwa mdomo uliofungwa. Nyumbani tunacho kichujio cha mkaa wa mifupa cha maji ya kunywa, namna ile iliyofanyiwa utafiti katika kituo cha Ngurdoto. Maji ya bahari nayo yana floraidi yake, kama miligramu 1.3 kwa lita, lakini ukijaza kila siku maji yenye floraidi na yenyewe haikauki, hesabu yake waweza kuifanya. Tukachagua mvua. Paa letu ni la vigae, tukaacha mvua ya kwanza ioshe vumbi, kisha tukakinga. Tukabandika utepe mwekundu kwenye kioo uwe alama ya kimo cha maji.

Baada ya hayo yote, msomaji, tulitia kamba mmoja mbichi, tukamwacha aoze. Bakteria hawaji mahali pasipo chakula. Bibi alifadhaika: kamba mzima, tena wa bei ya Arusha, atupwe majini! Baba aliagiza Nairobi vichupa vya kupimia. Watia matone katika maji, wayalinganisha na kadi ya rangi. Wiki ya pili amonia ilipanda mpaka rangi ikawa kijani cha jani la mgomba. Wiki ya tatu ikaanza kushuka. Wiki ya tano, siku mbili kabla ya kurudi shule, rangi ilikuwa njano safi kama hakuna kitu. Niliruka. Mdogo wangu wa kike, aliyekuwa anaingia darasa la tano, naye akaruka, ingawa nadhani hakujua sababu.

Samaki walikuja mwezi wa Aprili, katika likizo fupi. Mvuvi, rafiki wa Mjomba, aliwanasa katika vidimbwi vya mwambani maji yalipokupwa: samaki wanne wadogo, wa rangi ya fedha na manjano, wenye milia mitano myeusi, na kaa watano wa wale wanaohama kutoka kombe hadi kombe. Walisafiri usiku kucha katika dumu lililokatwa mdomo. Tulidondosha maji ya tangi katika dumu lao kwa mpira mwembamba muda wa saa nzima, ili wazoee, ndipo tukawahamisha. Walijificha mapangoni mpaka jioni. Walipotoka, Bibi alisogeza kiti chake karibu na kioo, na kutoka siku ile hicho kiti hakikurudi mahali pake. Yule mkubwa alimwita Nahodha.

Mdogo wangu alipewa kazi ya kuwatunza nikiwa shuleni. Nilimwandikia masharti katika daftari: alishe mara moja, kiasi cha kucha ya kidole, ajaze maji ya mvua hadi utepe, asome kipimajoto, aandike kila siku. Vichupa vya kupimia amonia nilivifungia kabatini kwa ufunguo, asije akavimwaga. Alifanya yote tangu Aprili hadi Juni pasipo kosa.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu inakuwa nzito.

Likizo ya mwezi wa sita ilipokaribia kwisha, Mjomba alituletea habari kwamba atakuja Jumapili na mkewe na wageni wengine wa Tanga kuiona bahari ya Njiro. Mimi nalikuwa nirudi shule Jumatatu. Nilipolitazama tangi niliona haya. Mawe yalikuwa na utelezi wa kahawia, na ndani ya ndoo sponji ilikuwa kama tope. Nilijua habari ya bakteria, kwani si mimi niliyeusubiri mwezi na zaidi? Lakini kwa ujinga nilidhani kwamba wanaelea katika maji, na kwamba nikiyahifadhi maji nimewahifadhi wao. Basi Jumamosi nikayahamishia maji katika madumu kwa uangalifu, samaki nikawatia katika beseni lenye pampu ya hewa, kisha nikatoa kila jiwe, na sponji, na vipande vyote vya ndoo, nikavipeleka bombani. Nikavisugua kwa brashi mpaka vikawa vyeupe. Nikavianika juani kutwa. Jioni nikavirudisha, na tangi likang'aa kama la dukani. Nyumbani hakuwapo mtu ila Bibi aliyekuwa amelala. Wengine walikuwa harusini.

Wageni walisifu sana. Mke wa Mjomba alisema hajaona maji safi namna ile hata kwao. Jumatatu nikapanda gari kurudi shule.

Mwezi wa nane, siku ya wazazi, Mama alikuja na mdogo wangu. Tulikaa chini ya mti, wali ukafunuliwa, ndipo Mama akasema kwamba samaki watatu wamekufa, na kaa wawili. Ilikuwa wiki ileile niliyoondoka. Baba amesema ni chakula. Mtoto alizidisha chakula, kikaoza. Sasa analisha Baba mwenyewe. Mama akaniuliza, "Wewe uliacha kila kitu sawasawa?"

Nikajibu, "Ndiyo, Mama. Niliacha tangi safi kabisa."

Mdogo wangu alikuwa akitazama viatu vyake. Nikaona nami niongeze neno la mkubwa, nikamwambia, "Siku nyingine uwe mwangalifu." Hakujibu. Wali wake hakuumaliza, na Mama alipouliza alisema tumbo linamuuma.

Sitasema kwamba siku ile nilijua. Nitasema kwamba kitu kilinigusa, nami nikakifukuza. Mwezi wa tisa mwalimu wetu alifundisha mzunguko wa naitrojeni, akaeleza kwamba bakteria hawa hushikamana na punje za udongo, na katika mitambo ya kusafisha majitaka hushikamana na kokoto, wakajifunika utelezi. Utelezi! Wenzangu walikuwa wakinakili mchoro ubaoni, na mimi nilikuwa nimeiacha kalamu. Ule uchafu nilioupiga brashi ndio uliokuwa kichujio. Ndoo na mawe na sponji yalikuwa nyumba tu, nami nilikuwa nimewaosha wenyeji kwa maji yenye klorini, na waliosalia nikawakausha juani. Kibaya zaidi, minyoo na vidudu vilivyokuwa vimeanza kuishi katika vitundu vya mawe navyo vilikufa, nikavirudisha majini vikaoze. Kamba mmoja aliozesha tangi kwa wiki kadhaa. Mimi nilitia gunia zima.

Ningeweza kuandika barua. Mwanafunzi wa bweni hana simu, lakini barua ipo, na karatasi nilikuwa nazo. Sikuandika. Nilijiambia kwamba habari kama ile yafaa isemwe ana kwa ana, na niliposema hivyo nilijua nasema kwa sababu naogopa.

Desemba nikarudi nyumbani. Tangini alikuwamo Nahodha peke yake, na kaa watatu. Bibi alikuwa palepale kitini. Mdogo wangu alipita sebuleni bila kugeuza kichwa, kama mtu apitaye mbele ya nyumba ya mwenye kumdai. Usiku nilipokuwa natafuta utepe nyuma ya meza niliokota daftari lake, likiwa na vumbi, nikalifungua mahali pa mwezi wa saba. Maandishi yalikuwa haya:

"Jumatatu. Samaki 4. Joto 26. Maji kwenye alama. Nimelisha mara moja.

Jumanne. Samaki 4. Joto 26. Nimelisha mara moja.

Jumatano. Samaki 4. Maji yamekuwa meupe. Nimelisha kidogo.

Alhamisi. Maji meupe kama ya kuoshea mchele. Samaki wanapumua upesi. Sikulisha.

Ijumaa. Samaki wako juu. Sikulisha. Nimemwambia Baba akasema ngoja.

Jumamosi. Samaki 2. Kaa 4.

Jumapili. Samaki 1. Kaa 3. Baba amebadilisha maji."

Kisha kurasa tupu. Mtoto wa miaka kumi na mmoja alikuwa ameacha kulisha siku mbili kabla samaki wa kwanza hajafa, na alikuwa amesema, na hakuna aliyesoma alichoandika. Lau angekuwa na vile vichupa nilivyovifungia, angejua Jumatano.

Baba alikuwa mezani akitengeneza pasi ya jirani. Nilisimama mbele yake nikamweleza yote: brashi, bomba, jua. Aliiweka bisibisi chini.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tisa kwa hakika, Baba. Tangu siku ya wazazi nalihisi."

Alikaa kimya kwa muda mrefu. Nalitazamia kofi, na ningelipokea. Badala yake alimwita mdogo wangu, akachukua lile daftari mkononi mwangu, akasoma ukurasa ule polepole, akirudia mstari wa Ijumaa. Kisha akasema, "Mwanangu, nisamehe. Uliniambia, nami sikusikia." Sijapata kumsikia Baba akisema maneno hayo kwa mtoto, na kwangu yaliuma kuliko kofi. Nami nikamwomba msamaha, kwa sauti ndogo kuliko nilivyokusudia.

Hakunijibu hapo. Alinikazia macho, akauliza, "Uliosha kwa sabuni?"

"Hapana. Maji tu."

"Maji gani?"

"Ya bomba."

"Ukaanika?"

"Naam. Kutwa nzima."

Akachukua kalamu ya Baba, akafungua ukurasa wa mwezi wa saba, na juu ya Jumatatu, penye nafasi, akaandika: "Jumamosi. Kaka ameosha ndoo na mawe."

Likizo ile yote tulianza upya, mimi nikiwa mchukuzi na yeye bwana mkubwa. Mjomba alileta madumu manne ya maji mapya, na kamba mbichi hatukutia safari hii, kwa sababu Nahodha mwenyewe alitosha kuwalisha bakteria. Sponji sasa hukamuliwa katika beseni la maji yaliyotolewa tangini, kwa mkono, mara mbili tatu basi, na vipande vya ndoo havisuguliwi kamwe. Vichupa vimo mikononi mwake. Alijifunza kusoma rangi kwa siku moja na husema mimi huona kijani mahali pasipo kijani. Juu ya ndoo amebandika karatasi: "Usioshe. Uliza kwanza." Kazi niliyoachiwa mimi ni kukinga maji ya mvua.

Mwezi wa pili Mjomba alileta wengine wawili wenye milia. Wiki iliyopita Mama alikuja shuleni kuleta ada ya mtihani wa majaribio, akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne. Salamu hazikuwamo, wala jina langu. Ilikuwa imechanwa katika daftari:

"Ijumaa. Samaki 3. Kaa 3. Joto 26. Amonia hakuna. Maji kwenye alama. Bibi anasema Nahodha amenenepa. Ndoo haijaoshwa."